Sikiza Kwanza, Lipa Baadaye: Jina la Staa Lisikuzibe Masikio

Panda 237 kutoka Thika asubuhi, au 145 ya kurudi Ruiru jioni, kisha uangalie masikio ya wenzako. Kuna aliye na podi nyeupe, kuna aliye na hedifoni kubwa yenye herufi "b" ubavuni, na kuna yule wa waya uliofungwa selotepu. Sasa waulize waliichagua vipi. Utasikia majibu matatu: staa fulani anaivaa, imetoka juzi tu, au jamaa wa duka alisema ndiyo inayovuma. Ni nadra kumpata wa kukuambia, "Niliisikiza kwanza."

Yaani tunanunua kifaa cha masikio kwa kutumia macho. Na hapo ndipo pesa zetu zinapotelea.

Msimamo wa makala haya ni rahisi. Usilipie hedifoni ambayo hujaisikia, hata ivaliwe na nani, hata kama imetoka jana. Na duka ambalo halitaki usikize, halitaki uchunguze, linataka tu utume pesa kwa simu uende zako, hilo halistahili pesa yako.

Usione hii kama stori ya watoto wa matajiri. Kwa kijana anayebeba mawe kwenye mjengo kule Membley, hedifoni ya elfu tatu ni jasho la siku kadhaa. Kwa mwanafunzi wa Juja au Ruiru anayenakili sauti mtandaoni ili alipe kodi ya nyumba, hedifoni ni jembe. Neno moja likimponyoka kwa sababu besi imemeza sauti ya msemaji, kazi inarudishwa. Kwa DJ anayeanza, ndiyo ofisi. Kwa hivyo tukizungumzia ubora wa sauti, tunazungumzia mkate.

Tuanze na mfano ambao kila mtu anaujua. Kampuni ya Beats ilianzishwa Marekani mwaka 2006 na Dr. Dre pamoja na Jimmy Iovine, bosi wa muziki. Hedifoni yao ya kwanza, Studio, iliingia sokoni mwaka 2008 kwa bei ya takriban dola 350, ikitengenezwa na kampuni ya Monster iliyojulikana zaidi kwa nyaya. Iovine alijua kitu kimoja kuliko washindani wake: jinsi ya kumfanya kijana atamani. Hedifoni zikaonekana kwenye video za muziki. LeBron James akawapa wenzake wa timu ya Marekani, na wakaonekana nazo kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka huo huo wa 2008. Mwaka 2014 Apple ikainunua kampuni hiyo, pamoja na huduma yake ya muziki, kwa dola bilioni 3.

Wapenzi wa sauti hawakufurahishwa. Lalamiko lao halikuwa wivu. Walisema hedifoni zile za mwanzo zilijazwa besi hadi sauti ya mwimbaji ikawa kama inatoka nyuma ya ukuta, na kwamba kwa bei ile ungepata kitu kinachosikika vizuri zaidi kutoka kwa kampuni zisizo na staa. Haki yao pia wapewe: matoleo ya baadaye ya Beats yamesifiwa, hata na baadhi ya waliokuwa wakiyaponda. Lakini funzo lilibaki pale pale. Umaarufu ulitangulia, ubora ukafuata baadaye.

Kuna kisa kingine kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2015 mhandisi wa kampuni ya Bolt huko Marekani alifungua hedifoni za Beats ili aone zimeundwaje. Ndani akakuta vipande vya chuma ambavyo, kwa maoni yake, kazi yake kubwa ilikuwa kuongeza uzito ili mnunuzi ahisi ameshika kitu cha maana. Akakadiria kwamba vifaa vyote vya ndani viligharimu kama dola 17. Habari ikasambaa duniani. Kisha ikabainika kuwa hedifoni alizofungua zilikuwa feki! Akanunua nyingine halisi, akazifungua pia. Akakuta vyuma vya uzito bado vimo, na makadirio ya vifaa yakafika kama dola 20, ilhali hedifoni zenyewe ziliuzwa karibu dola 200.

Tuwe waadilifu: makadirio hayo hayakuhesabu mishahara, usafirishaji, utafiti wala matangazo. Hakuna kampuni inayouza kitu kwa bei ya plastiki yake. Lakini kisa hicho kinakuambia mambo mawili. Kwanza, uzito mkononi si ushahidi wa ubora, na muuzaji akikwambia "shika usikie vile ni nzito" jua amekuonyesha chuma, hajakuonyesha sauti. Pili, kama mhandisi mwenye vifaa vya kazi alinunua feki bila kujua, wewe utaitambuaje saa moja jioni pale steji, taa hafifu, konda anaita, na mchuuzi anakuita "kastoma wangu"?

Hapa kwetu feki si siri. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa mwaka 2008, na kuna mamlaka nzima ya serikali ya kushughulikia hilo. Bado, kuanzia Luthuli Avenue jijini hadi vibanda vya Thika na Ruiru, utapata herufi "b" kwa bei ambayo hata haitoshi kulipia kava ya ile halisi. Podi feki nazo zimekuwa janja kiasi cha kuileta ile picha inayojitokeza kwenye iPhone ukifungua kijisanduku. Kwa hivyo usiseme "ni ogi, imejitokeza kwa simu." Feki hainakili sauti kwanza. Inanakili kile ambacho macho yako yanakiamini.

Na kwa nini macho yanatudanganya hivi? Hili limepimwa. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, waliwapa watu spika wazipe alama mara mbili: mara moja wakiziona, mara nyingine zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Watu walipoona ukubwa, umbo na jina, walisikia tofauti, na hata wasikilizaji wenye uzoefu hawakuponea. Hawakuwa wakidanganya. Ubongo ulikuwa umeshaamua kabla ya muziki kuanza.

Sasa weka uso wa staa unayempenda juu ya kile kijisanduku. Unafikiri utasikia nini?

Bei nayo haisaidii jinsi tunavyodhani. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283, akilinganisha bei na jinsi kila moja inavyotoa sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba. Hakupata uhusiano kati ya hayo mawili. Hii haimaanishi hedifoni zote ni sawa. Pesa zaidi zinaweza kukununulia uimara, starehe, betri au maikrofoni nzuri. Ila bei kubwa peke yake haikuahidi kwamba gitaa litasikika kama gitaa.

Wengine watauliza, kwani staa akipata riziki kuna ubaya gani? Hakuna. Mwaka 2017 Diamond Platnumz alitoa manukato ya Chibu na karanga za Diamond Karanga, na hiyo ni biashara kama biashara nyingine. Tofauti ni hii: karanga ni pesa kidogo, unaonja, ukiona si tamu unarudi kwa mama wa pale mtaani anayekaanga zake. Manukato unanusa kabla ya kutoa pochi. Hedifoni hufungiwa kwenye plastiki, unalipa maelfu, unaenda kuisikia ukiwa nyumbani, na ukirudi nayo kesho unaambiwa "ukishafungua hatuwezi kuchukua." Wewe ndiye unayebeba hatari yote. Yule aliyelipwa kuivaa ameshaendelea na tangazo lingine. 50 Cent aliingia kwenye hedifoni na SMS Audio mwaka 2011, Ludacris naye akaingia na Soul. Zunguka maduka ya Thika leo ukiulizia hizo mbili, uone kama utapata hata mpira wa sikio.

Tuje kwa ugonjwa wa pili, ule wa "imetoka sasa hivi."

Kitu kipya kina bei yake ya juu zaidi siku ya kwanza, na ndiyo siku ambayo kinajulikana kidogo zaidi. Wale wanaokisifu siku hiyo, mara nyingi wametumiwa bure wakifanyie video. Hawajakaa nacho miezi sita. Hawajui kama betri ya podi ya kushoto itaanza kufa kabla ya ile ya kulia, kama bawaba ya kijisanduku italegea, au kama jasho la kukimbilia matatu litaiua. Majibu hayo huletwa na wakati tu, na na watu walionunua kwa pesa zao. Ukisubiri miezi michache utapata mawili kwa pamoja: bei imeshuka, na ukweli umejitokeza. Anayekwambia "zitaisha" anauza haraka, hauzi hedifoni.

Halafu kuna maneno ya kwenye boksi. Haya usiyaogope, yajue.

La kwanza ni ANC na ENC. Wauzaji wengi huyachanganya, wengine kwa makusudi. ANC ndiyo inayopunguza kelele unayoisikia wewe: maikrofoni ndogo zinadaka mngurumo wa nje, kifaa kinatoa wimbi la kinyume chake, na hayo mawili yanauana. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama injini, kuliko kwa konda anayepiga kelele ghafla. ENC ni kitu kingine kabisa. Hiyo husafisha sauti yako ili unayeongea naye kwa simu akusikie. Ukinunua ENC ukidhani ni ANC, utapanda gari Ruiru na kelele itakuwa pale pale hadi jijini.

La pili ni "20Hz hadi 20kHz." Utaikuta kwenye boksi la mia tatu na kwenye boksi la elfu thelathini. Hayo ni masafa ambayo sikio la binadamu linakadiriwa kusikia. Kuyaandika hakusemi lolote kuhusu yanasikika vipi, ni sawa na mkahawa kujisifu kwamba chakula chake kinaingia mdomoni.

La tatu ni LDAC, mfumo wa Sony wa mwaka 2015 wa kupitisha sauti nyingi zaidi kwa Bluetooth. Ni mzuri, lakini lazima simu yako pia iwe nao, na wimbo wenyewe uwe safi. Kama nyimbo zako ni zile za kutumiana WhatsApp, zilizobanwa zikabanwa tena, LDAC itakuletea ule uchafu kwa uaminifu mkubwa. iPhone haina LDAC kabisa. Sasa uliza, unalipia nini?

Kuna jambo zito kuliko pesa hapa, nalo ni masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiza kwa sauti ya juu. Mwongozo wake ni kwamba desibeli 80 unaweza kuzivumilia hadi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Saa nne! Fikiria foleni ya Githurai peke yake, kwenda na kurudi, siku tano.

Na kwa nini tunaongeza sauti? Kwa sababu matatu ina spika zake, injini ina yake, na hedifoni haizibi vizuri. Hapa kuna siri ambayo hakuna staa atakayekuuzia: ule mpira mdogo wa podi ukikutosha sawasawa, kelele nyingi ya nje inabaki nje, besi inarudi yenyewe, na huhitaji kuongeza sauti. Boksi nyingi huja na mipira ya saizi tatu. Wengi hawajawahi kubadilisha ile iliyokuja imevalishwa. Jaribu zote, hata kama sikio la kushoto litataka saizi tofauti na la kulia. Huenda ile podi ya bei nafuu uliyoitupa kwenye droo haina ubaya wowote.

Basi utaipimaje ukiwa dukani? Nenda na simu yako mwenyewe na nyimbo tatu unazozijua kama nyumba yenu, zilizopakuliwa vizuri. Moja iwe na gitaa na sauti ya mtu, mfano mugithi au benga. Unataka kusikia vidole kwenye nyuzi na maneno ya mwimbaji bila kukaza. Ya pili iwe gengetoni yenye besi nzito. Unataka besi ipige na kunyamaza, isivume kama pipa. Ya tatu iwe sauti ya mtu akiongea tu, hata mtangazaji wa redio. Kama "s" zake zinakuchoma sikio baada ya dakika mbili, utateseka baada ya saa mbili. Mwambie mwenye duka weka pia ile ya bei ya chini, na usikize zote kwa kiwango kimoja cha sauti, maana iliyo na sauti kubwa zaidi daima hujifanya bora kwa sekunde za kwanza. Kisha funga macho, rafiki yako akubadilishie bila kukwambia ipi ni ipi. Mtacheka, lakini mtajua.

Wenye maduka watasema, usafi je? Hiyo ni hoja ya haki. Lakini spiriti na pamba ni bei gani? Duka likiweka hedifoni moja ya kila aina kwa ajili ya kujaribu, na mipira ya kubadilisha, litakuwa limefanya uwekezaji mdogo kuliko bango la staa pale mlangoni. Duka la kwanza kufanya hivyo Thika au Ruiru kwa moyo mmoja litapata wateja ambao matangazo hayawezi kuwanunua.

Na si hisani tunayoomba. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika na alichonunua. Kifungu hicho hicho kinataka kuwe na sheria ya matangazo ya haki, ya ukweli na ya heshima, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ipo tangu mwaka 2012. Kwa hivyo omba risiti. Omba dhamana iandikwe, si "ukiwa na shida nipigie." Na nyinyi wasanii na washawishi wa mitandao mnaosoma hapa, mkilipwa kuvaa kitu, semeni mmelipwa. Mashabiki hawatawachukia. Watajua tu kwamba wanaona kazi, hawaoni ushuhuda.

Najua kuna atakayesema, wacha watu wafurahie, hedifoni pia ni mtindo. Sawa kabisa. Ukinunua kwa sababu inapendeza shingoni na unajua hivyo, hiyo ni pesa yako na umependeza kweli. Na nyinyi wajuzi wa sauti, msigeuze maarifa kuwa dharau. Kumcheka kijana mwenye Beats feki hakumsaidii. Mpe yako asikize dakika tano, mwachie sikio lake limfundishe. Shaka yenye faida ni ile inayomwachia mwenzako pesa zake mfukoni.

Mwisho wa mwezi unakuja, na matangazo yake pia yanakuja, na nyuso nzuri za kila aina. Kabla hujatuma pesa, uliza maswali matatu. Nimeisikia? Nimeilinganisha na ya bei ya chini? Nikirudi nayo kesho ikiwa mbovu, watanipokea? Kama jibu moja ni hapana, rudisha simu mfukoni. Hiyo hedifoni itakuwepo wiki ijayo, na pengine itakuwa imeshuka bei.